Injini Inapogonga Chini: Beringi za Kranki, Oili na Kazi ya Fundi

Miongoni mwa milio yote inayoweza kutoka katika gari lililotumika kwa miaka mingi, hakuna unaoogopwa na wenye magari kama ule wa kugonga unaotoka chini ya injini, mlio mzito unaofuata kasi ya injini na kuongezeka kadiri mafuta yanavyokanyagwa, ambao mafundi wa gereji za Afrika Mashariki huufupisha kwa kusema kwamba injini imenoki. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa mara nyingi mlio huo hutokana na kulika kwa beringi za ndani, na beringi hizo hazifikiwi bila kufungua sampu, yaani karai la chuma linalokusanya oili chini ya injini, na pengine bila kushusha injini nzima. Hata hivyo hofu hiyohiyo ndiyo inayowatia watu wengi hasara, kwani kuna injini zinazohukumiwa kwa kusikilizwa dakika moja tu na kununuliwa nyingine, kumbe kilichokuwa kikigonga ni puli iliyolegea, na kuna nyingine ambazo kweli zimeharibika, lakini hufungwa beringi mpya juu ya ubovu uleule ulioua zile za kwanza, zikarudi gereji baada ya muda mfupi na mlio uleule.

Suala hili lina uzito wa pekee katika ukanda huu kwa sababu magari mengi huingia yakiwa yamekwisha kutumika Japani na kwingineko. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi umri wa miaka 8, na Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018, lakini vikomo hivyo vinahusu siku ya kuingia tu. Baada ya hapo gari huendelea kutumika kwa miaka mingi mingine, likipita kwa mmiliki mmoja hadi mwingine, mara nyingi bila kumbukumbu yoyote ya lini oili ilibadilishwa na ni oili ya aina gani. Historia hiyo isiyoandikwa ndiyo inayosomeka baadaye juu ya beringi.

Ili mlio ueleweke, ni lazima kwanza kijulikane kile kinachogonga. Ndani ya injini, mlipuko wa mafuta na hewa husukuma pistoni kwenda chini, nayo pistoni huunganishwa kwa mkono wa chuma uitwao konrodi na mhimili mzito uliopindwapindwa uitwao krankishafti, au kranki kwa kifupi, ambao kazi yake ni kugeuza mwendo wa kupanda na kushuka kuwa mzunguko. Kranki imekaa katika bloku la injini kwenye shingo zake zilizochongwa na kung'arishwa, na penye kila shingo hapo hukaa beringi kuu, ambazo mafundi wengi huziita meni. Kichwa kikubwa cha kila konrodi nacho hushika shingo nyingine ya kranki kwa beringi yake, na kichwa kidogo cha juu hushika pini inayopita ndani ya pistoni. Beringi za kranki hazina gololi kama zile za magurudumu. Kila moja ni maganda mawili ya chuma yenye umbo la nusu duara, yanayokumbatia shingo kutoka juu na chini.

Ganda hilo linaonekana kitu cha kawaida, lakini limetengenezwa kwa tabaka: nyuma kuna chuma kigumu, juu yake kuna tabaka la shaba iliyochanganywa na risasi au la alumini iliyochanganywa na bati, na katika beringi nyingi kuna utando wa mwisho wa metali laini wenye unene wa takriban sehemu 2 za mia za milimita. Wazo la kutumia metali laini mahali penye mzigo mkubwa ni la zamani kuliko magari yenyewe, kwani Isaac Babbitt wa jimbo la Massachusetts, Marekani, alitoa mchanganyiko wake wa bati, antimoni na shaba mwaka 1839, wakati ambapo mitambo ya mvuke ndiyo iliyokuwa ikitawala. Ulaini huo una kazi mbili: chembe ya uchafu ikiingia humezwa na kuzama ndani ya ganda badala ya kuchimba shingo ya kranki, na pale oili inapokosekana kwa kitambo kifupi, ganda la bei nafuu ndilo linaloumia kabla ya kranki ya bei ghali.

Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba katika injini yenye afya, ganda na shingo havigusani. Ukweli huu uligunduliwa kwa bahati nchini Uingereza na Beauchamp Tower, mhandisi aliyepewa kazi na taasisi ya wahandisi wa mitambo ya nchi hiyo kuchunguza msuguano wa ekseli za treni, ambaye ripoti yake ya kwanza ilitoka mwaka 1883. Tower alitoboa tundu juu ya beringi ili aweke chombo cha kudondoshea oili, akaona kwamba ekseli, ambayo upande wake wa chini ulikuwa umezama katika oili, ilipozunguka iliipandisha oili hiyo na kuitoa nje kupitia tundu lile, na kila alipoliziba tundu kwa kigingi cha mti, kigingi kilisukumwa nje. Alipofunga kipimo cha shinikizo chenye kikomo cha ratili 200 kwa inchi ya mraba, mshale ulipita kikomo, ingawa mzigo uliowekwa, ukigawanywa juu ya eneo la beringi, ulikuwa ratili 100 tu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1886, Osborne Reynolds wa Manchester alieleza kwa hesabu kilichokuwa kikitokea: shingo inayozunguka huiburura oili kuelekea pale penye nafasi finyu zaidi, na oili hiyo, kwa kukosa pa kukimbilia, hujenga shinikizo kubwa kiasi cha kuinua mzigo wote na kuubeba.

Kutokana na hesabu hiyo, mambo manne huamua uhai wa beringi, nayo ni kasi ya mzunguko, uzito wa oili, mzigo, na nafasi iliyopo kati ya ganda na shingo. Katika injini ndogo ya petroli nafasi hiyo ikiwa mpya huwa kati ya sehemu 2 na 5 za mia za milimita, ambayo haizidi nusu ya unene wa karatasi ya kawaida ya kuandikia, na katika injini nyingi za aina hiyo, ikifika sehemu 8 za mia, mtengenezaji hutaka beringi ibadilishwe. Shingo yenye kipenyo cha milimita 48, kama zile za beringi kuu za injini ya Toyota 4A-FE iliyoendesha Corolla nyingi za miaka ya 1990, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, uso wake hukimbia zaidi ya mita 7 kwa sekunde. Pampu ya oili haiubebi mzigo huo. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba oili inayovuja pembeni mwa beringi inarudishiwa nyingine bila kukoma. Nafasi ikiongezeka, oili huvuja haraka kuliko inavyoletwa, shinikizo hushuka, utando huwa mwembamba, na konrodi hupata upenyo wa kwenda na kurudi kabla ya kugota. Kugota huko ndiko kunakosikika, na kwa kuwa beringi zote hunywa kutoka mfereji mmoja, ile iliyolika huzinyima oili jirani zake.

Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini mlio wa beringi huzidi injini ikipata moto, kwani oili ya moto ni nyepesi kuliko ya baridi. Kigezo hiki ni cha thamani kubwa na hakigharimu chochote. Mlio unaosikika sana asubuhi na kupotea baada ya dakika chache za kuendesha mara nyingi hutoka kwa pistoni iliyolegea ndani ya silinda, ambayo huyumba na kupiga ukuta hadi itakapopata moto na kutanuka, na injini yenye tabia hiyo inaweza kutumika miaka mingi bila madhara makubwa. Mlio mwepesi wa haraka kutoka juu, unaofuata nusu ya kasi ya kranki, hutoka kwenye valvu na tapeti, kwa sababu kamshafti inayozifungua huzunguka mara moja kila kranki inapozunguka mara mbili. Mlio wa kama changarawe unaosikika gari linapopanda mlima kwa gia kubwa, kisha kukoma mara mguu unapoondolewa kwenye mafuta, kwa kawaida hutokana na petroli kulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na tiba yake iko kwenye mafuta yanayotumika, plagi, au masizi yaliyojengeka juu ya pistoni.

Fundi mwangalifu huanza nje ya injini kabla ya kufikiria ndani. Alteneta, wota pampu na rola inayokaza mkanda vyote huzungushwa kwa mkanda na vyote vina beringi za gololi, ambazo zikichoka hulia kwa kunguruma au kusaga kuliko kugonga. Njia ya kuvitenga ni kuondoa mkanda na kuiwasha injini kwa muda usiozidi dakika moja, kwa kuwa wota pampu isipozunguka maji hayatembei. Mlio ukipotea, injini imesalimika, na kila puli huzungushwa kwa mkono ili ile yenye ukwaruzi au mchezo ijulikane. Puli kubwa iliyo mbele ya kranki nayo hukaguliwa, kwa kuwa boliti yake ikilegea, au raba iliyo ndani yake ikiachana, hugonga kwa sauti inayofanana mno na ya beringi. Katika gari la otomatiki kuna bamba jembamba linalounganisha kranki na gia boksi, ambalo likipasuka kuzunguka boliti zake hutoa mgoto unaoweza kumdanganya hata fundi mzoefu, na ni aibu kubwa kufungua injini nzima kwa sababu ya bamba ambalo lingeonekana kwa kufungua kifuniko kidogo cha chini.

Baada ya hapo hutumika kifaa cha kusikilizia kama cha daktari, chenye fimbo ya chuma mbele, au bisibisi ndefu ambayo ncha yake huwekwa kwenye chuma cha injini na mpini wake kwenye mfupa wa sikio, kwa tahadhari ya kuikwepa feni na mkanda. Sauti husafiri vizuri katika chuma, na kwa kuhamisha ncha kutoka juu ya silinda hedi hadi ubavuni mwa bloku, kisha hadi kwenye ukingo wa sampu, fundi hujua tabaka gani la injini linapiga kelele zaidi. Sampu yenyewe ni bati jembamba linalovumisha kila sauti, kwa hiyo ushahidi wake hauaminiwi peke yake.

Jaribio linalotenganisha zaidi kuliko yote ni la kuzima silinda moja baada ya nyingine. Injini ikiwa katika mwendo wa silensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, au ikiwa imeshikiliwa kwenye mizunguko 2,000 hivi, plagi moja hunyimwa umeme katika magari ya zamani yenye waya za plagi, au nozeli moja ya petroli huchomolewa soketi yake katika magari yenye kompyuta, njia ambayo ni bora zaidi kwa kuwa petroli isiyoungua haiendi kuharibu kichujio cha moshi, ingawa taa ya injini inaweza kuwaka kwenye dashibodi. Silinda isipolipuka, konrodi yake haisukumwi tena kwa nguvu, hivyo mlio ukipungua wazi au kukoma, beringi ya kichwa kikubwa cha konrodi hiyo ndiyo mshitakiwa wa kwanza. Mlio wa pini ya pistoni ni mkali zaidi na husikika kama mipigo miwili ya harakaharaka katika silensa. Beringi kuu hutoa mgoto mzito wa chini unaojitokeza injini inapobebeshwa mzigo, haukomi kwa kuzima silinda moja, na mara nyingi huambatana na kushuka kwa shinikizo la oili. Katika injini ya dizeli jaribio hili linahitaji tahadhari: nozeli mbovu ya dizeli yenyewe hugonga kama beringi, na ingawa katika pampu za zamani fundi huweza kulegeza nati ya bomba la nozeli, katika mifumo mipya yenye reli moja ya shinikizo kubwa jambo hilo ni hatari, kwa kuwa dizeli inayotoka huko inaweza kupenya ngozi na kuingia mwilini.

Upo pia ushahidi wa oili, na kwa maoni ya wengi waliobobea ndio wenye uzito kuliko sikio. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi ni shahidi dhaifu, kwani swichi yake katika magari mengi huiwasha tu shinikizo linapokaribia sifuri, kwa hiyo taa kuzimika hakumaanishi kwamba shinikizo linatosha. Kipimo halisi hufungwa mahali pa swichi hiyo, injini ikaachwa ipate moto kamili, ndipo kikasomwa. Kwa injini nyingi za petroli za Toyota za miaka ya 1990, mwongozo hutaka shinikizo lisilopungua kilopaskali 29 katika silensa na la kati ya 245 na 490 kwenye mizunguko 3,000. Kisha filta ya zamani hukatwa kwa msumeno usiotoa vumbi jingi au kwa kikatio chake maalumu, karatasi yake ikatandazwa kwenye mwanga na kukaguliwa: punje zinazong'aa ambazo sumaku haizivuti ni za shaba, risasi, bati au alumini, na kwa kawaida hutoka kwenye beringi au pistoni, ilhali zile zinazovutwa na sumaku zimetoka kwenye chuma, pengine shingo ya kranki yenyewe. Vumbi kidogo la metali katika injini ya zamani ni jambo la kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa macho si vya kawaida hata kidogo.

Katika hatua hii ndipo wengine hushauri kumwaga oili nzito zaidi, kwa mfano ya 20W-50 katika injini iliyoandikiwa 5W-30, au kuongeza kiowevu kizito kutoka kwenye kopo. Mlio hupungua, hilo halina ubishi, kwa kuwa oili nzito huchelewa kukimbia kutoka katika nafasi iliyopanuka. Lakini metali iliyokwisha kulika hairudi, na wakati wa kuwasha asubuhi oili hiyo huchelewa kufika kwenye beringi zinazoihitaji. Ni mbinu inayompendeza anayeuza gari kuliko anayelinunua, na ndiyo sababu gari la mtumba linapokaguliwa ni vizuri lipashwe moto kamili na oili yake itazamwe kwenye kijiti cha kupimia kabla ya bei kuzungumzwa.

Ikithibitika kwamba ni beringi, gari halipaswi kuendeshwa tena hadi gereji ya mbali, kwa kuwa beringi ya konrodi ikikosa utando wake huweza kuzunguka pamoja na shingo, ikaziba tundu lake la oili, ikashika moto, na hatimaye konrodi ikakatika na kutoboa bloku. Uharibifu ambao ungemalizwa kwa maganda mapya na kuchonga kranki hugeuka kuwa wa kununua injini.

Kazi ya kufungua huanza kwa kumwaga oili na kushusha sampu, na hapo chujio la pampu ya oili hutazamwa kabla ya kitu kingine chochote. Chujio hilo ni wavu mdogo uliozama chini ya sampu, na mara nyingi mno hukutwa limezibwa na vitu viwili: utelezi mweusi wa oili iliyokaa muda mrefu kupita kiasi, na vipande vya silikoni ambayo fundi wa awali aliipaka kwa ukarimu kwenye ukingo wa sampu au kifuniko cha valvu, ikaminywa kuelekea ndani, ikakatika na kuelea. Silikoni inayoonekana imefurika nje ya maungio ni dalili kwamba kiasi kilekile kimefurika ndani. Ni kosa dogo sana la mkono, na limeua injini nyingi.

Baada ya hapo vifuniko vya konrodi hufunguliwa kimoja kimoja, kila kimoja kikiwa kimetiwa alama ya namba na mwelekeo wake, kwa sababu kifuniko na konrodi yake vilichongwa pamoja kiwandani na hakiwezi kubadilishana na kingine. Maganda hupangwa kwenye meza kwa mpangilio yalivyotoka, na kusomwa. Yakiwa yamelika yote kwa kiasi kinacholingana hadi rangi ya shaba ikatokeza, chanzo hutafutwa katika oili yenyewe: kiwango kilichoachwa kishuke, oili iliyopitiliza muda, oili bandia, au pampu iliyochoka. Ganda moja likiwa limeungua na mengine ni mazima, huenda tundu la oili la shingo hiyo limezibwa, au ganda lilikalishwa vibaya. Mikwaruzo inayozunguka, yenye chembe zilizozama, inaonyesha uchafu, nao katika maeneo ya vumbi hupitia filta ya hewa iliyochanika au hutokana na kazi iliyofanywa mahali pachafu. Kulika upande mmoja tu wa ukingo huashiria konrodi iliyopinda au shingo isiyo sawa. Vishimo vidogo vyeusi ni kazi ya tindikali, na ikiwa oili ilikuwa na rangi ya maziwa, maji yamekuwa yakiingia humo, mara nyingi kupitia gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Fundi anayeyatupa maganda ya zamani kabla ya kuyasoma hivi ametupa karibu maelezo yote aliyokuwa nayo kuhusu chanzo.

Shingo za kranki hupimwa kwa maikromita mahali pawili kwa urefu na katika pande mbili zinazokingamana, ili ijulikane kama zimepungua, zimekuwa na umbo la yai, au zimechongoka upande mmoja. Tofauti ya sehemu 2 za mia za milimita kwa injini nyingi ndogo ndiyo mwisho wa kuvumilika. Ukucha ukipitishwa na kukwama kwenye mkwaruzo, kranki hiyo inakwenda karakana ya kuchonga vyuma. Huko hupunguzwa kwa kipimo kinacholingana na maganda manene yanayouzwa, kwa kawaida milimita 0.25, kisha 0.50, na kwa baadhi ya injini 0.75, na shingo zote za kundi moja hupunguzwa kwa kiasi kimoja. Pembe ya mviringo iliyo kati ya shingo na ukuta wake ni lazima ibaki na mviringo wake, kwa kuwa ikichongwa kali, ufa huanzia hapo na kranki hukatika. Zipo pia kranki ambazo ugumu wake ni wa utando wa juu tu, nazo mtengenezaji hukataza zisichongwe, hizo hubadilishwa.

Kuna njia za mkato zinazojulikana sana mitaani, za kuweka kipande cha karatasi au cha bati la kopo nyuma ya ganda, au kupiga tupa kingo za kifuniko cha konrodi ili kibane zaidi. Zote mbili hunyamazisha mlio siku ya kwanza. Ganda hupoteza moto wake kwa kulala moja kwa moja juu ya chuma kilicho nyuma yake, na karatasi huukata mguso huo. Kifuniko kilichopigwa tupa nacho huligeuza tundu la duara kuwa la yai, ambalo hubana juu na chini na kupwaya pembeni, na utando wa oili alioueleza Reynolds hauwezi kusimama ndani ya tundu la namna hiyo. Malipo ya kazi kama hiyo ni fedha iliyopotea, hata iwe ndogo kiasi gani.

Kuhusu kubadilisha maganda ya konrodi gari likiwa limesimama na injini ikiwa mahali pake, hilo linawezekana katika magari mengi ambayo sampu yake inashuka bila kuzuiwa na mhimili wa mbele, na ni kazi halali pale shingo zilipokutwa laini na ndani ya vipimo. Zikiwa na mikwaruzo, maganda mapya yatachimbwa upya, na kazi hiyo itakuwa imeahirisha tu safari ya karakana.

Ufungaji unadai usafi kuliko nguvu. Mifereji ya oili ndani ya kranki husuguliwa kwa brashi nyembamba na kupulizwa kwa hewa, kwa sababu chuma kilichosagwa wakati wa kuchonga hubaki humo. Mgongo wa ganda na kiti chake hufungwa vikiwa vikavu kabisa, na oili hupakwa upande wa ndani unaoelekea shingo peke yake. Nafasi huhakikishwa kwa uzi laini wa plastiki wa kupimia, ambao hulazwa juu ya shingo kavu, kifuniko kikakazwa na kufunguliwa tena, na upana wa uzi uliobanwa ukalinganishwa na kipimo kilichochapishwa kwenye pakiti yake. Kranki isizungushwe wakati uzi uko ndani. Boliti hukazwa kwa spana yenye kipimo cha nguvu kufuatana na mwongozo wa injini husika, na zile zinazotanuka zikikazwa hununuliwa mpya. Kila kifuniko kinapokazwa, kranki huzungushwa kwa mkono, ili inapoanza kuwa nzito ijulikane ni kifuniko kipi kimesababisha, badala ya kuvifungua vyote.

Pampu ya oili hupimwa au kubadilishwa, hujazwa oili au vaselini kabla ya kufungwa ili iweze kuvuta mara moja, na filta mpya hujazwa pale inapokaa wima. Injini huzungushwa kwa stata bila plagi na bila mafuta hadi kipimo kionyeshe shinikizo, ndipo huwashwa. Oili ya kwanza humwagwa mapema, wengi wakichagua kilomita 1,000, na filta yake hukatwa na kutazamwa kama ile ya mwanzo.

Linabaki swali la fedha, ambalo kwa wengi ndilo la kwanza. Gharama ya kuchonga kranki, maganda, gasketi, pampu na siku za fundi inaweza kukaribia bei ya injini ya mtumba inayouzwa katika maduka ya spea ya Kirinyaga Road jijini Nairobi, Kisekka jijini Kampala, au Gerezani jijini Dar es Salaam, na kwa injini iliyotoboka bloku hakuna la kujadili. Kwa injini nyingine, hata hivyo, kranki iliyopimwa na kuchongwa ni kitu kinachojulikana hali yake, ilhali injini ya dukani imekaa bila kuzungushwa kwa muda usiojulikana, na sampu yake haijafunguliwa na mtu. Mnunuzi mwenye subira huomba ishushwe sampu na kufunguliwa angalau kifuniko kimoja cha konrodi kabla ya kulipa, na muuzaji akikataa, jibu limepatikana. Baada ya kufungwa, namba ya injini hiyo iliyogongwa kwenye bloku haitalingana na ile iliyoandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo risiti ya ununuzi hutunzwa na badiliko hilo kupelekwa kwa mamlaka ya usajili, yaani TRA nchini Tanzania au NTSA nchini Kenya, kabla gari halijauzwa wala kukaguliwa barabarani.